Kanuni Iliyokataa Sherehe

Mwishoni mwa diwani nyingi za mashairi ya Kiswahili mna kurasa zenye kichwa cha neno moja: Sherehe. Hapo neno hilo halihusu karamu. Ni ufafanuzi wa maneno mazito, ubeti kwa ubeti, ili msomaji ambaye hakulelewa katika lahaja ya mshairi naye apate kuingia. Beti nyingi za Lamu, Pate na Mombasa zingebaki zimefungwa kwa wengi wetu lau si watu walioketi wakaziandikia sherehe. Kwetu, basi, kazi hiyo ni hisani: ajuaye humshika mkono asiyejua.

Mwaka 1226, karibu na mji wa Assisi nchini Italia, mtu mmoja aliyekuwa anaelekea kufa aliitazama sherehe kwa jicho la hofu. Katika wosia wake aliwaamuru wafuasi wake wote, wenye elimu na wasio nayo, wasiiwekee sherehe Kanuni aliyowaachia, wala wosia wenyewe. Aliyaandika maneno yake kwa lugha nyepesi. Aliwataka wayapokee vivyo hivyo na wayatende. Aliwakataza pia kwenda Roma kuomba barua za kuwapa nafuu au ulinzi. Mtu huyo alikuwa Fransisko wa Assisi, mwana wa mfanyabiashara wa vitambaa na mwanzilishi wa shirika la Ndugu Wadogo. Alifariki tarehe 3 Oktoba mwaka huo.

Haikutimia miaka minne, hati ya kwanza ya kuifafanua Kanuni ikatoka, na mtoaji wake alikuwa Papa. Haikutimia karne, andiko lile fupi likawa limezungukwa na ufafanuzi wa mapapa, wa maprofesa wa Paris, wa wahubiri wa Provence na wa watawa waliokimbia makwao. Na ndugu wanne wakawa wamechomwa moto hadharani katika ugomvi uliozaliwa humo.

Historia hii husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mtakatifu aliyesalitiwa na wanasheria. Baada ya kuisoma kwa miaka mingi, siamini kwamba mambo yalikuwa mepesi kiasi hicho. Hakuna andiko linaloongoza maisha ya watu bila kufafanuliwa, na Fransisko alidai kisichowezekana alipokataza sherehe zote. Lakini hofu yake ilikuwa na msingi, na ndani ya hofu hiyo mna kipimo kinachomfaa kila mfafanuzi wa andiko lenye mamlaka. Kipimo chenyewe ni swali moja: ufafanuzi huu unampunguzia nani mzigo?

Sura kumi na mbili

Kanuni ilithibitishwa na Papa Honorio III tarehe 29 Novemba 1223. Ina sura 12 fupi, na mtu anaweza kuimaliza kwa kikao kimoja. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyotungwa karne ya 6, ina sura 73, na inaeleza hata kiasi cha divai na namna watawa watakavyolala. Nayo iliandikiwa sherehe. Katika karne ya 9 watawa Smaragdus wa Saint-Mihiel na Hildemar waliifafanua kwa kina. Ila Benedikto alikuwa amewaachia wafafanuzi wake kazi nyepesi zaidi. Watawa wake walikaa pamoja katika monasteri, chini ya abati, na pale Kanuni iliponyamaza, abati aliamua.

Ndugu Wadogo hawakuwa na kuta hizo. Walikwenda wawili wawili, wakahubiri sokoni, wakafanya vibarua, wakaomba chakula. Kilichowafunga pamoja ni andiko, na andiko hilo lilikuwa na makatazo makali yaliyosemwa kwa maneno machache. Sura ya 4 inawakataza kupokea sarafu au fedha kwa namna yoyote, kwa mkono wao wenyewe au wa mtu mwingine. Sura ya 6 inawataka wasijimilikishe kitu, iwe nyumba, mahali au chochote kile, waishi duniani kama wasafiri na wageni. Sura ya 2 inamruhusu viatu anayebanwa na haja. Sura ya 3 inawazuia kupanda farasi, isipokuwa pana haja iliyo wazi au ugonjwa.

Sasa tumchukue ndugu anayeumwa Oxford wakati wa baridi. Ndugu Wadogo walifika Uingereza mwaka 1224, na baridi ya huko si ya Assisi. Mgonjwa anahitaji blanketi. Muuzaji wa blanketi anataka sarafu. Kanuni inasema wakuu wawahudumie wagonjwa na kuwavika ndugu kwa njia ya marafiki wa kiroho, kwa kuzingatia mahali, majira na nchi za baridi, lakini daima bila kupokea fedha. Vema. Msamaria akimkabidhi rafiki huyo sarafu kwa ajili ya mgonjwa, sarafu ni ya nani kabla haijamfikia muuzaji? Ikiwa ni ya ndugu, Kanuni imevunjwa kwa mkono wa mtu mwingine. Ikiwa ni ya rafiki, anaweza kuondoka nayo. Ikiwa bado ni ya msamaria, je, akifa usiku ule warithi wake watakuja kuidai?

Haya hayakuwa maswali ya kupoteza muda. Mwenye nadhiri ameapa mbele ya Mungu, na kwa imani yake kuvunja nadhiri kunaihatarisha roho. Swali la blanketi lilikuwa swali la wokovu, na mkuu aliyetakiwa kulijibu usiku wa baridi hakusaidiwa na amri ya kwamba maneno yaeleweke kwa urahisi. Yeye aliyaelewa. Alichokosa ni namna ya kuyatekeleza kwa dhamiri tulivu.

Papa aliyemjua mwandishi

Mkutano mkuu wa mwaka 1230 ulishindwa kuafikiana, ukatuma wajumbe kwa Papa Gregori IX. Kabla ya kuchaguliwa, Gregori alikuwa Kardinali Ugolino, rafiki wa Fransisko na msimamizi wa Shirika. Alikuwepo Kanuni ilipokuwa inaandikwa, na mwaka 1228 ndiye aliyemtangaza rafiki yake kuwa mtakatifu. Jibu lake ni hati iitwayo Quo elongati, ya tarehe 28 Septemba 1230.

Jambo la kwanza alilolikata ni wosia. Alisema hauwafungi ndugu kisheria. Fransisko hakuwa na uwezo wa kuwatwika wote wajibu mpya bila ridhaa yao, hasa ridhaa ya wakuu waliohusika, na wala hakuweza kumfunga mkuu ajaye baada yake, kwa kuwa walio sawa hawaamrishani. Hoja hiyo ina nguvu. Fransisko alikuwa ameacha uongozi tangu mwaka 1220, na Kanuni pekee ndiyo iliyothibitishwa na Kanisa.

La pili lilihusu Injili. Kanuni inaanza na kumalizika kwa kusema kwamba maisha ya ndugu ni kuishika Injili takatifu. Je, kila shauri la Injili limegeuka amri kwao? Gregori alijibu kwamba wanabanwa na mashauri yale tu yaliyotajwa wazi ndani ya Kanuni kwa maneno ya kuamuru au kukataza.

La tatu ni mali na fedha. Ndugu hawamiliki kitu, mmoja mmoja wala kwa pamoja. Wanachonacho ni matumizi ya vyombo, vitabu na vitu vinavyoruhusiwa. Panapotakiwa malipo, wanaweza kumtaja mtu wa kuyafanya, lakini mtu huyo ni mjumbe wa mtoaji sadaka. Kwa njia hiyo fedha zinatoka kwa mwenye nazo, zinapita mikononi mwa mjumbe wake, zinamfikia muuzaji, na ndugu hawajazigusa kwa kidole wala kwa sheria. Blanketi la Oxford limepatikana.

Tutazame kilichofanyika hapa. Gregori aliutetea ufafanuzi wake kwa kusema kwamba aliijua nia ya Fransisko kutokana na urafiki wao mrefu. Maana yake, nia ya mwandishi ilitumiwa kuyaweka kando maneno ya mwisho ya mwandishi huyo huyo. Kila mfafanuzi anakijua kishawishi hicho, na kila msomaji anapaswa kushtuka anapokiona. Hata hivyo, tukiuliza mzigo ulipunguzwa kwa nani, jibu halimfedheheshi Papa. Aliyefarijika zaidi ni mgonjwa na mkuu wake. Ndugu hawakupata shamba, kodi wala hazina. Walibaki bila umiliki, na kutembea bila viatu kukabaki kutembea bila viatu.

Maprofesa wanne na mkutano uliokataa nafuu

Miaka kumi na moja baadaye Shirika lilitaka ufafanuzi wake lenyewe. Kila kanda iliagizwa kuteua watu wa kuyachambua mashaka yaliyomo katika Kanuni. Kazi iliyopata heshima kubwa ni ile ya Paris, ya miaka 1241 na 1242, ambayo tangu hapo inaitwa Ufafanuzi wa Maprofesa Wanne. Nao ni Alexander wa Hales, Jean de La Rochelle, Robert de La Bassée na Eudes Rigaud. Alexander, Mwingereza, alikuwa mmoja wa wanateolojia maarufu wa chuo kikuu cha Paris alipovaa kanzu ya Ndugu Wadogo akiwa na umri mkubwa, akaingia na kiti chake cha ualimu. Eudes baadaye akawa askofu mkuu wa Rouen.

Ninaipenda kazi hii kuliko zote katika mlolongo huu. Maprofesa walijua wazi kwamba wosia unawatazama, kwa hiyo walitangulia kusema kwamba hawaleti ufafanuzi mpya dhidi ya Kanuni. Wanatafuta nia yake safi. Kisha wakafanya walichofundishwa chuoni: wakachukua sura baada ya sura, neno baada ya neno, wakaliweka shaka mezani na kulipima. Haja ni nini, na nani anaitambua? Fedha ni nini: sarafu tu, au kila kinachopokelewa kwa lengo la kuuzwa? Rafiki wa kiroho ana mipaka gani? Hawakujifanya kwamba kila fundo limefunguka. Mfafanuzi anayekubali kuliacha swali likiwa swali amekwisha kumheshimu msomaji wake.

Mwaka 1245 Papa Inosenti IV alikwenda mbali zaidi. Kwa hati Ordinem vestrum alitangaza kwamba vitu vyote vinavyotumiwa na ndugu ni mali ya Kanisa la Roma, isipokuwa pale mtoaji alipojibakizia umiliki wake. Akaongeza kwamba ndugu wanaweza kuwatumia watu wa fedha kwa yale yenye manufaa kwao pia, badala ya yale ya lazima peke yake. Neno "manufaa" ni dogo, lakini mlango wake ni mpana. Blanketi ni lazima. Mto wa manyoya una manufaa.

Kilichofuata husahauliwa na wanaosimulia historia hii kama hadithi ya kuporomoka tu. Mikutano mikuu ya miaka ya 1250 iliamua kutozitumia nafuu hizo pale zilipozidi zile za Gregori. Papa amewapunguzia mzigo, wao wakaurudisha mabegani. Wakati huo huo, kule Provence, mhubiri Hugues de Digne, ambaye hata Mfalme Louis IX wa Ufaransa alimsikiliza, aliandika sherehe yake, na ndani yake akanukuu Kanuni ya awali ya mwaka 1221 ili kuonyesha maneno ya Fransisko yalikotoka. Wafafanuzi wa kizazi hicho waliandika ili waishike Kanuni vizuri zaidi. Kwa kipimo chetu, walifaulu.

Kumiliki, kutumia na kutumia kifukara

Tarehe 14 Agosti 1279 Papa Nikolao III, aliyewahi kuwa kardinali msimamizi wa Shirika, alitoa hati Exiit qui seminat. Humo alizitenganisha namna tano za mtu kuhusiana na kitu: umiliki, ushikaji, haki ya kufaidi matunda, haki ya kutumia, na matumizi matupu yasiyo na haki yoyote nyuma yake. Nne za kwanza ndugu wamezikana. Ya tano hawawezi kuikana, kwa sababu mtu asiyekula wala kuvaa hufa. Ndugu akiwa na kitabu chumbani, umiliki wa kitabu uko Roma; yeye anakisoma tu, na akinyang'anywa kesho hana pa kushtaki.

Tofauti hiyo ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa za fikra za kisheria za zama zile. Papa naye aliiona thamani yake, akaamuru hati isiandikiwe sherehe, akaweka adhabu ya kutengwa na Kanisa kwa atakayeigeuza maana. Andiko la Fransisko lilikataza sherehe likaandikiwa. Sasa sherehe yenyewe ilikuwa imegeuka andiko, nayo inakataza sherehe.

Shaka kubwa ikahamia mahali ambapo hati haikufika. Pierre Jean Olivi, mzaliwa wa Sérignan kusini mwa Ufaransa, aliuliza kitu ambacho mtu yeyote wa sokoni angekiuliza. Tuseme ndugu hamiliki chochote, lakini anakula vinono kila siku, anavaa kitambaa laini na kulala katika jumba. Hati zote ziko sawa, umiliki uko Roma. Je, mtu huyo ni fukara? Olivi alijibu kwamba nadhiri ya ufukara inabeba pia matumizi ya kifukara. Kumwachia mwingine jina la mwenye mali na kubaki na raha ya mali hakutimizi nadhiri.

Wapinzani wake hawakuwa wavivu wote, na hoja yao nzito inastahili kusikilizwa. Umiliki una mpaka unaoonekana: ama unamiliki au humiliki. Uchache wa matumizi hauna mpaka. Kikombe kimoja cha divai kinatosha, cha pili je? Ikiwa nadhiri inafika huko, kila mlo unakuwa hatari kwa roho. Olivi alilijua hilo, na katika ufafanuzi wake alisema kwamba kukosea kidogo si kuvunja nadhiri. Inavunjwa pale maisha ya mtu yanapotoka kwenye ufukara kiasi cha kuitwa, kwa hukumu ya haki, maisha ya kitajiri. Hakuna rula ya kulipima hilo, lakini kila mwanakijiji anayemwona mtawa akipita anaweza kulipima kwa macho.

Hapa naona kiini cha mgogoro wote. Sherehe za awali zilifafanua maneno ya Kanuni ili ndugu waweze kuyaishi. Kufikia miaka ya Olivi, ufafanuzi ulikuwa umekamilika kiasi kwamba mtu angeweza kuutii wote na bado asifanane na mtu aliyeelezwa na Kanuni. Sheria ilikuwa imetimia, na ufukara ulikuwa umepotea ndani yake. Olivi alifariki Narbonne mwaka 1298, na watu wakaanza kulizuru kaburi lake.

Papa Klementi V alijaribu kusuluhisha. Hati yake Exivi de paradiso ya tarehe 6 Mei 1312 iliorodhesha maneno ya Kanuni yenye nguvu ya amri, ikataja waziwazi yaliyoharibika: makanisa ya fahari kupita kiasi, mashamba makubwa ya mizabibu, urithi, kesi za mali mahakamani, maghala ya nafaka na ya divai. Maamuzi ya kila siku ikawaachia wakuu. Ilikuwa hati ya busara. Alikufa mwaka 1314, na busara hiyo haikupata mrithi.

Jibini na moto

Papa Yohane XXII alichaguliwa mwaka 1316, akaishi Avignon. Alikuwa mwanasheria hodari na hakupenda maneno yanayoelea. Ndugu wa Kiroho, kama walivyoitwa wale waliodai ufukara mkali, walivaa kanzu fupi zenye viraka na kukataa maghala. Kwa hati ya tarehe 7 Oktoba 1317 Papa aliwaamuru wavae watakavyoamua wakuu na wakubali akiba watakayoruhusu wakuu. Akapanga ngazi ya fadhila: ufukara ni mwema, lakini utii uko juu yake. Aliyelisimamia agizo hilo ndani ya Shirika ni mhudumu mkuu Michele wa Cesena. Walioendelea kukataa walifikishwa mbele ya mahakama ya imani, na tarehe 7 Mei 1318 ndugu wanne walichomwa moto mjini Marseille. Hakimu aliyewahukumu alikuwa Ndugu Mdogo kama wao.

Hebu tusimame hapo kidogo. Urefu wa kanzu na ghala la nafaka vilitosha kuwaua watu waliotaka kuwa na vichache kuliko walivyopewa. Hakuna hoja ya utii, hata ingekuwa imeandikwa kwa ufundi namna gani, inayoweza kuufunika ukweli huo.

Kisha Papa akaligeukia jengo lote la sheria. Mwezi Machi 1322 aliondoa katazo la kuifafanua hati ya Nikolao. Desemba mwaka huo, kwa hati Ad conditorem canonum, alikataa kuendelea kuwa mwenye mali za ndugu, akitoa mfano wa yai, jibini na kipande cha mkate. Nani mwenye akili timamu, aliuliza, anaamini kwamba jibini analokula ndugu ni mali ya Kanisa la Roma? Kitu kinachokwisha kwa kutumiwa hakiwezi kutenganishwa na matumizi yake. Anayekila amekimaliza, na hakubaki kitu cha kumilikiwa na mwingine. Umiliki usiomletea mwenye mali faida yoyote ni jina tupu.

Bonagratia wa Bergamo, mwanasheria wa Shirika, alipinga na kutiwa kizuizini. Mfano wake ulikuwa farasi: farasi hula shayiri, na hakuna anayesema kwamba farasi anaimiliki. Ni jibu zuri. Linaonyesha kwamba kula ni tendo, na haki ni kitu kingine. Hata hivyo linaacha pengo, kwani farasi hajaapa, wala hachagui.

Tarehe 12 Novemba 1323 Papa alitangaza kuwa ni uzushi kushikilia kwamba Kristo na mitume hawakuwa na kitu, mmoja mmoja wala kwa pamoja. Pigo hilo lilimgusa kila Ndugu Mdogo, kwa kuwa Shirika liliamini ufukara wake unafuata mfano huo. Michele wa Cesena, yule aliyewabana wenzake miaka michache nyuma kwa jina la utii, akajikuta upande wao. Mwezi Mei 1328 alitoroka Avignon pamoja na Bonagratia na mwanafalsafa Mwingereza William wa Ockham, wakakimbilia kwa Mfalme Ludwig wa Bavaria. Hawakurudi.

Nikiulizwa hukumu yangu, nasema Yohane alikuwa na haki kuhusu jibini. Matumizi yasiyo na umiliki yalikuwa yamekuwa pazia: nyumba kubwa, maktaba na maghala vilikaa nyuma yake bila kuitwa mali. Olivi alikuwa amelionyesha pazia hilo miaka mingi kabla ya Papa, kwa upole zaidi. Lakini hao wawili walilivuta kuelekea pande tofauti. Olivi alitaka pazia lishuke ili ndugu waishi kwa uchache. Papa alilishusha akawaambia kwamba wao ni wenye mali kama wengine. Ufafanuzi wa kwanza ulimgharimu mfafanuzi. Wa pili uligharimu maisha ya watu wengine.

Mfafanuzi wa mwisho nitakayemtaja katika mlolongo huu ni Angelo Clareno, Mwitaliano aliyefungwa na ndugu zake, akaishi uhamishoni Ugiriki na kujifunza Kigiriki huko. Katika miaka ya mwanzo ya 1320, wanasheria wakiwa katikati ya vita vyao, aliandika sherehe ambayo haishindani nao. Aliizunguka Kanuni kwa mafundisho ya mababa wa Kanisa la Mashariki na kwa kumbukumbu za maisha ya Fransisko. Kwake andiko lilielezwa vema na maisha ya aliyeliandika. Alikufa mwaka 1337 kusini mwa Italia, bado akiwa amejificha kutoka kwa walioivaa kanzu ile ile.

Kilichobaki

Wanahistoria wa sheria wanaiangalia karne hii kwa makini. Michel Villey alidai kwamba wazo la haki kama uwezo alionao mtu binafsi lilizaliwa katika maandishi ya Ockham juu ya ufukara. Brian Tierney akamjibu kwamba mizizi yake iko nyuma zaidi, kwa wanasheria wa Kanisa wa karne ya 12. Vyovyote iwavyo, watu waliokana kila haki ndio waliowalazimisha wengine kueleza haki ni kitu gani.

Shirika lenyewe liligawanyika rasmi mwaka 1517, na mwaka 1528 Wakapuchini wakapata idhini ya Papa kuanza tawi la tatu. Kila tawi jipya lilianza vilevile: watu wachache wameisoma tena Kanuni, wamejitazama, wameaibika. Wakapuchini wa Uswisi walifika Dar es Salaam mwaka 1921, wakaipokea kazi iliyoachwa na Wabenedikto wa Kijerumani baada ya vita. Sura 12 za mwaka 1223 zinasomwa hadi leo na Ndugu Wadogo wa Afrika Mashariki.

Kwa hiyo katazo la Fransisko lilishindwa kama sheria, na lilishindwa mapema. Lakini kila lilipovunjwa, lilimlazimisha mvunjaji ajieleze. Gregori alijieleza kwa urafiki, maprofesa kwa unyenyekevu, Nikolao kwa ufundi, Olivi kwa uchungu. Bila katazo hilo, sherehe zingeandikwa bila aibu, na sherehe isiyo na aibu ni hatari kwa andiko lolote, liwe kanuni ya watawa, katiba ya nchi au wosia wa baba.

Nasi tunaishi chini ya maandiko tusiyoyaandika, na kila siku yupo anayetueleza yana maana gani. Msikilize, maana ajuaye yuko ili amshike mkono asiyejua. Akimaliza, tazama mzigo uko wapi. Ukiuona bado uko mabegani mwake, mwamini. Ukiuona umehamia mabegani mwako na yeye anakwenda mikono mitupu, rudi ukalisome andiko lenyewe.